Aya Iko Kwenye Kadi, Mahari Iko kwa Mjomba



Leo tunakuja kwa ukali kidogo, mtuwie radhi. Msimu wa harusi umeingia, kadi zinamiminika hapa kwenye meza yetu ya kukatia, na karibu kila kadi imeandikwa aya ile ile, ya 21 ya Suratur Rum. Ndiyo ile inayotwambia kwamba Mwenyezi Mungu ametuumbia wenza kutokana na nafsi zetu ili tupate utulivu kwao, na akatia baina yetu mapenzi na huruma. Aya nzuri mno. Imepigwa rangi ya dhahabu, imezungushiwa maua, na harusi ikisha kadi inatupwa. Tumeshaziokota jaani, na jina la Mola limo ndani yake.

Lakini mtu aliyeisoma hiyo aya mpaka mwisho anajua inamalizia wapi. Inamalizia kwa kusema kwamba katika hayo mna ishara kwa watu wanaofikiri. Wanaofikiri! Kadi nyingi tulizonazo zimeikata kabla ya kufika hapo. Nafasi imekuwa ndogo, yamewekwa maua.

Hilo ndilo linalotukera. Sisi wanawake wa visiwa hivi tumeifanya Qur'ani kuwa pambo. Iko kwenye kadi, iko kwenye fremu ya sebuleni, iko kwenye kikombe cha chai, iko kwenye stetasi ya WhatsApp kila Ijumaa asubuhi. Ramadhani tunashindana khitma: nani amefika mbili, nani amefika tatu. Hatusemi khitma haina thawabu. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba hata anayesoma kwa kukwama kwama, kwa taabu, ana ujira mara mbili. Lakini Suratu Saad, aya ya 29, inasema Kitabu hiki kimeteremshwa ili watu wazizingatie aya zake. Na Suratu Muhammad, aya ya 24, inauliza kwa ukali: hawaizingatii Qur'ani, au nyoyo zina makufuli? Suala hilo limeulizwa, na sisi tunalisoma kwa tajwidi nzuri kabisa halafu tunapita.

Sasa tutazame makufuli yako wapi. Sisi tunayaona kwenye pesa.

Tuanze na mahari. Mama anakuja dukani na binti yake. "Mahari imeshatoka, tunataka kushona." Tunamuuliza bibi harusi mwenyewe anataka nini; anaangalia chini. Anajibu mama, anajibu shangazi, anajibu kungwi. Kwenye hesabu inayosomwa pale mbele yetu mna sare ya mashangazi, ukumbi, mpiga video, keki, na ile pesa iliyokwisha kwenda kwa mjomba kwa sababu "mjomba ndiye aliyesimamia". Mwenye mahari yuko hapo hapo, anapimwa kiuno, na hana hata shilingi.

Aya ya 4 ya Suratun Nisaa inasema wanawake wapewe mahari yao, na wapewe kama zawadi, kwa moyo safi. Wafasiri wametaja kauli mbili kuhusu nani anaambiwa hapo. Wako waliosema ni waume. Wako waliosema ni mawalii, kwa sababu zama za ujahili walii alikuwa akimuoza binti yake na mahari akaichukua yeye. Jamani, tuichukue kauli yoyote katika hizo mbili, kuna mahali mjomba anapata njia? Mahari yameitwa ya wanawake wenyewe. Hayakuitwa ya ukoo, wala ya kamati ya harusi.

Tukisema hivi tunajibiwa haraka: "Lakini aya hiyo hiyo inasema mwanamke akitoa mwenyewe, kuleni kwa raha." Ni kweli, inasema hivyo. Ila kwanza imeweka sharti, nafsi yake iridhie kutoa kitu katika hayo mahari. Nafsi iridhie! Binti wa miaka 21 aliyekalishwa mkekani, amezungukwa na wakubwa kumi na mbili, anaulizwa "wewe si umeridhia?" na mama yake anamkazia macho, huyo amenyamazishwa. Ridhaa ya nafsi haipatikani kwa mtindo huo. Tumeuona mtindo huo mara nyingi mno kuliko tunavyopenda kukumbuka, maana chumba chetu cha kupimia kina pazia tu na maneno yote yanapita.

Na hasara yake haiishii siku ya harusi. Tulimshonea bibi harusi mmoja, mtaa tusiutaje. Mahari yake ilitajwa milioni mbili: moja taslimu, moja baadae. Ile ya taslimu iliingia mfukoni mwa mkubwa wa familia, akapunguzia madeni yake. Ile ya baadae ikabaki kwenye midomo ya watu. Ndoa haikufika miaka mitatu. Alipoidai, akaonyeshwa cheti chake mwenyewe cha ndoa: mahari yote imelipwa. Mwenye kuandika aliambiwa hivyo na wanaume waliokuwa mkekani, akaandika alivyoambiwa. Yeye bibi harusi alikuwa ndani, hina haijakauka. Alitia saini kwa kuharakishwa bila ya kusoma. Siku zile alikuwa akituma aya kila asubuhi kwa mashoga zake wote.

Tunalisema hili kwa uchungu, si kwa kumcheka. Alifundishwa kusoma Kiarabu kwa kanuni zote za tajwidi. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya kile alichokuwa akikisoma mna haki zake, kwa jina lake.

Halafu lipo suala la samani. Kwetu Unguja ni kawaida mahari kununuliwa kitanda, kabati, godoro na vyombo vya chumbani. Hatuna ugomvi na kawaida hiyo, bibi harusi akiridhia. Ugomvi unakuja ndoa ikivunjika, mume anaposema kitanda ni chake kwa vile kiko nyumbani kwake, na wifi naye anasema kabati alichangia. Ukienda kwa kadhi utaulizwa ushahidi. Basi risiti ya fundi seremala iandikwe jina la nani? Ni jambo la dakika mbili. Andikeni jina la bibi harusi. Na mwanamme anayetaka kurejesha alichokitoa, aya ya 20 ya sura hiyo hiyo inamkataza asichukue chochote, hata kama alitoa mrundo wa mali.

Tusieleweke vibaya, hatutetei mahari makubwa. Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu atafute japo pete ya chuma, na alipokosa akamuoza kwa alichokihifadhi katika Qur'ani. Mahari madogo si aibu. Aibu ni kumtajia mwanamke kikubwa mbele ya watu halafu mkononi mwake pasifike kitu.

Tuje kwenye aya ambayo sisi tunaoendesha biashara tungeitundika ukutani, kama ni lazima tutundike. Aya ya 282 ya Suratul Baqara. Ndiyo aya ndefu kuliko zote ndani ya msahafu, na inazungumzia deni! Mwenyezi Mungu angeweza kuifanya aya ndefu kuliko zote iwe ya jambo jengine lolote, akaifanya ya kuandikishana. Isomeni pole pole, ina kazi nyingi ndani yake. Deni la muda maalumu liandikwe. Mwandishi aandike kwa uadilifu. Msichoke kuliandika, dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Wawepo mashahidi. Asidhuriwe mwandishi wala shahidi. (Mjadala wa mashahidi wanawake tunaujua, tuuache siku yake.)

Kuna kipande kimoja watu wanakipita mbio. Anayesema maneno yaandikwe ni yule mwenye kudaiwa. Siye anayedai. Tulikaa na kipande hiki wiki nzima tukajiuliza kwa nini. Kisha shoga yetu mmoja anayefuma kofia akasema: kwa sababu likitoka mdomoni mwake mwenyewe, kesho hawezi kusema ameandikiwa. Na asipunguze kitu, aya imemuonya amche Mola wake hapo hapo. Mnaona kazi ya kufikiri? Yule dada hakwenda chuo kikuu. Anajua tu watu wanavyokana.

Dukani kwetu lipo daftari kubwa la mistari. Mteja akileta kitambaa tunaandika tarehe, aina ya nguo, kianzio alichotoa, kilichobaki, siku ya kuchukua, na anatia saini. Sisi nasi tunatia saini, maana na sisi tunadaiwa nguo. Maneno tunayoyapata kwa ajili ya daftari hili! "Yaani mie unaniandikisha? Mie, mtoto wa jirani yenu?" Mmoja alikasirika akachukua kitambaa chake akaondoka, na mkononi alikuwa na tasbihi. "Waislamu tunaaminiana," akasema mlangoni.

Dada yetu, Waislamu ndio walioambiwa waandike! Aya inaanza kwa kuwaita walioamini. Haikuwaita matapeli. Wanazuoni wengi wamesema kuandika ni jambo lililopendekezwa na si faradhi, kwa sababu aya inayofuata inasema mkiaminiana basi aliyeaminiwa arudishe amana yake. Sawa, tumelikubali hilo. Lakini hebu tutazameni hali zetu. Ni michezo mingapi ya pesa imevunjika mtaani kwa sababu mshika fedha hakuandika zamu? Ni mawifi wangapi hawasalimiani kwa ajili ya laki moja? Tumelikataa pendekezo la Mola kwa kuogopa kuvunja udugu, na udugu ukavunjika kwa kutoandika.

Na dhahabu je? Hapa ndipo penye maafa makubwa. Mume anataka kuanza biashara, au kumalizia nyumba, anamwambia mkewe: "Nipe bangili zako niuze, nitakununulia nyengine." Mke anatoa, kwa mapenzi, na kwa ile aya ya kwenye kadi. Hakuna karatasi, hakuna uzito ulioandikwa, hakuna muda. Miaka inapita, nyumba imesimama, hati ina jina la mume peke yake, na akiuliza bangili anaambiwa anahesabu. Mapenzi na huruma ni aya. Andikeni deni nayo ni aya. Zimetoka kwa Mmoja. Anayetaka kutumia ile ya kwanza ili tuisahau ya pili anatuuzia pazia lenye tundu.

Bibi harusi unayesoma hapa, huna haja ya kugombana. Sema kwa adabu: "Mume wangu, nakukopesha, lakini tufuate aya. Wewe sema, mimi niandike, na kaka yako na kaka yangu washuhudie." Kama unampa zawadi, mpe zawadi kweli na usidai. Lakini ujue ni lipi kati ya hayo mawili unalofanya. Na akipata dhiki ya kweli, aya ya 280 imesema angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Ila huwezi kusamehe deni ambalo mwenye kudaiwa anasema halikuwepo.

Wasidhani wauza duka na mafundi kwamba tumewasahau. Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwatolea ole wanaopunja vipimo: wakijipimia wao wanatimiza, wakiwapimia watu wanapunguza. Watu wanadhani ni habari ya mizani ya sokoni Darajani tu. Kitambaa cha upana wa inchi 60 hakihitaji urefu sawa na cha inchi 45 kwa baibui moja. Fundi analijua hilo, mteja hajui. Sasa yule fundi anayemwambia mteja anunue urefu ule ule kwa vitambaa vyote viwili, akabakiwa na kipande cha kutosha kushonea mtoto nguo akakiweka, huyo sura inamhusu yeye, hata kama redio yake inasoma Qur'ani kuanzia asubuhi. Vipande vinavyobaki ni vya mwenye kitambaa. Tunavifunga kwenye mfuko, tunampa. Akivikataa, ndiyo yetu.

Tutasema na hili la sare, ingawa tunajikata riziki wenyewe. Sare ni mkate wetu. Msimu mzuri tunashona sare za hina, za nikaha, za ukumbini, na siku hizi za kumtembelea bibi harusi baada ya siku saba. Lakini tunapomuona mwanamke amekopa kitambaa cha sare ya tatu na mtoto wake amerudishwa chuoni kwa ada, tunaikumbuka aya ya 67 ya Suratul Furqan, inayowasifu wanaotoa bila ya kufanya fujo na bila ya ubakhili, wakawa kati na kati. Na tunaikumbuka ile ya Suratul Israa, ya 27, wabadhirifu wameitwa ndugu wa nani? Mnajua wenyewe. Tumeanza kumwambia mteja: sare moja nzuri, uivae siku mbili kwa mtandio tofauti. Wako waliohamia kwa mafundi wengine. Riziki ina Mwenyewe.

Sasa majibu tunayopewa. La kwanza ni kwamba tafsiri ni kazi ya masheikh, wanawake someni tu mpate thawabu. Sisi hatutoi fatwa. Hatujui nahau ya kutosha, hatujui sababu zote za kushuka aya, na penye hukumu tunauliza kwa mwenye elimu. Lakini kutoa hukumu ni jambo moja, na kuelewa unachoambiwa na Mola wako ni jambo jengine. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mzaliwa wa hapa hapa Unguja, alikesha miaka akaifasiri Qur'ani nzima kwa Kiswahili, ikachapishwa 1969 pamoja na maelezo yake. Sheikh Ali Muhsin Barwani naye akatuachia yake. Walimfanyia nani kazi hiyo? Masheikh wenzao walikuwa wakijua Kiarabu! Walitufanyia sisi, tusiojua, halafu vitabu vyao tunavipandisha juu ya kabati vipate vumbi kwa heshima.

Na mnayesema wanawake wanyamaze, mnamjua Bi Khaula bint Thaalaba? Mumewe alimtamkia maneno ya ujahili, kwamba yeye kwake ni kama mgongo wa mama yake. Hakukaa akalia chumbani. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), akajadili, akarejea kujadili. Bi Aisha (R.A.) alisimulia kwamba alikuwa humo humo nyumbani na maneno mengine ya mwanamke yule hakuyasikia, lakini Mwenyezi Mungu aliyasikia. Zikashuka aya za mwanzo za sura inayoitwa kwa jadi ile, Suratul Mujadila. Malalamiko ya mwanamke juu ya mumewe yako ndani ya msahafu, tunayasoma kwenye sala.

Jibu la pili linatoka kwa mama zetu: "Mtoto akijua sana haki zake hakai na mume." Mama zetu tunawaheshimu, na wameolewa kabla yetu. Lakini hao waliorudi kwao na mabegi, ambao tumewashonea nguo ya eda badala ya nguo ya fungate, hakuna hata mmoja tuliyemuona amerudi kwa sababu ya kujua aya ya 282. Wamerudi kwa madeni yaliyofichwa, kwa dhahabu iliyopotea, kwa maneno ya mawifi. Na maneno ya mawifi nayo yana aya yake, ya 11 na ya 12 za Suratul Hujurat. Wanawake wametajwa kwa jina kabisa wasiwacheke wanawake wenzao. Saluni zetu zingefungwa wiki moja tuisome hiyo tu.

Mnatuuliza tunasoma vipi. Hatuna jambo kubwa. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri tunazima vyerehani, tunakaa sisi na wasichana tunaowafundisha kushona na majirani wawili watatu. Aya moja tu, pengine nusu. Imenukuliwa kwamba masahaba walikuwa wakijifunza aya kumi hawazipiti mpaka wajue maana yake na kuitenda. Sisi kumi hatuziwezi. Inasomwa kwa Kiarabu, kisha tafsiri mbili ili tulinganishe, na kila mmoja anajibu suala moja: katika aya hii mimi ni nani? Mdai au mdaiwa? Anayepimiwa au anayepima? Hapo ndipo panapokuwa pagumu, kwa sababu kila mtu anapenda awe yule mwenye kudhulumiwa. Penye kututatiza tunaandika pembeni, na ustadhati wetu akija Jumapili tunamuuliza.

Juzi msichana mmoja wa cherehani ya tatu, ambaye posa yake imeshajibiwa, aliuliza kama anaweza kuomba kukisoma cheti chake kabla ya kutia saini, na kama ataonekana hana adabu. Ustadhati akamjibu akisome mara mbili. Akamwambia pia amwambie walii wake mapema, kabla ya siku, ili mkekani pasiwe na mshangao. Baba yake amekubali. Mjomba bado anazungumzwa.

Alkhamisi hii tunaanza aya ya 7 ya Suratun Nisaa, ile ya urithi, inayosema wanawake nao wana fungu lao, kiwe kidogo au kingi. Najua wako watakaokasirika kwa mikarafuu ya Pemba. Anayetaka kuja aje na tafsiri yake, kahawa na visheti viko kwetu.